Kutoka migombani Uru hadi majaruba ya Mabogini: wiki moja ya kufuata minyoo

Jumatatu, Uru

Kliniki ya wajawazito ninayofanyia kazi hapa Moshi haipitishi wiki bila mama ambaye wingi wa damu yake uko chini ya gramu 11 kwa desilita. Tunampa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, tunampa dawa ya minyoo akishavuka miezi mitatu ya kwanza, tunamsisitizia mboga za majani, maharage, na maini akijaliwa. Damu inapanda. Anajifungua salama, tunamshukuru Mungu, anakwenda zake. Mimba inayofuata anarudi na damu ileile ya chini, na mara nyingi anatokea upande uleule: tambarare, kwenye mpunga. Malaria ina sehemu yake hapo, na lishe ina sehemu yake, lakini minyoo tunaitaja kwa sentensi moja tu huku tunajaza kadi. Niko likizo, nimeamua kuipa siku zake. Naanza mlimani Uru nishuke hadi majarubani Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga, maana ndivyo na maji ya kwetu yanavyokwenda.

Julai huku juu ni baridi ya kuvaa sweta mbili. Noah imetushusha kwenye ukungu, mlima hauonekani, ila unasikia maji ya mfongo, mfereji wa asili wa Wachaga, yakipita pembeni mwa njia. Mwenyeji wetu ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama wa makamo anayejua kila boma na kila mtoto aliyezaliwa humo. Boma la kwanza tulikaribishwa na bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ingieni jikoni muote moto kwanza, maneno baadaye."

Tukaota moto, tukanywa chai ya maziwa, ndipo tukaomba kuona choo. Ni cha shimo, sakafu ya saruji, mlango wa bati unaofungwa kwa komeo, na nje kimening'inizwa kibuyu chirizi chenye maji na kipande cha sabuni kwenye kamba. Babu mwenyewe ndiye aliyetueleza historia ya shimo. La kwanza alilichimba mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Walikuwa wanakusanyika chini ya mti wa mringaringa, redio inafunguliwa, kipindi kikiisha wanasoma kitabu chao na kubishana, kisha wanakubaliana nani anachimba lini. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi vya namna hiyo. Babu amehamisha shimo mara kadhaa tangu hapo, lakini hajawahi kukaa bila choo. Ukipita maboma ya jirani unaona alama ya kazi ile mpaka leo, na mimi naamini hakuna dawa iliyoletwa na gari iliyowahi kuufaa mlima huu kama yale majembe.

Sasa kilichonishtua. Tukiwa tunaongea, mjukuu wa miaka mitatu alichuchumaa nyuma ya mgomba wa tatu kutoka jikoni, akamaliza haja yake, bibi akachota majivu na jani la mgomba, akafunika. "Cha mtoto hakina neno," akasema alipoona namtazama. Hili nimelisikia kwa mama wasomi wa mjini pia, na ndipo hasa minyoo mikubwa ya mviringo inapopatia riziki. Mnyoo jike mmoja anataga mayai kama 200,000 kwa siku. Yanatoka na kinyesi yakiwa bado hayawezi kumwambukiza mtu. Yanahitaji wiki mbili hadi nne kwenye udongo wenye unyevu na kivuli ili kiini kikomae ndani ya ganda. Kivuli cha migomba na unyevu wa mfongo ni nyumba nzuri kabisa. Ganda lake ni gumu, yai linaweza kukaa ardhini miaka na likawa bado zima. Kisha mtoto anacheza, vidole vinaingia mdomoni, au karoti inang'olewa na kupanguswa kwenye sketi. Na watoto wadogo ndio wenye minyoo hii kwa wingi kuliko mtu mzima yeyote ndani ya boma, kwa hiyo kinyesi tunachokiona hakina neno ndicho chenye mayai mengi.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba mwaka jana mtoto huyohuyo alikohoa wiki nzima, na baadaye akatoa mnyoo hai, mweupe wa kuelekea waridi. Nikamweleza kwamba kikohozi kinaweza kuwa cha mnyoo huohuo: yai likipasuka tumboni, lava anatoboa utumbo, anaingia kwenye damu, anafika mapafuni, anapanda na makohozi hadi kooni, anamezwa tena, na safari hii anabaki kwenye utumbo mwembamba na kukua hadi sentimita 20 au 35. Wakijaa wanajiviringa, wanaziba njia, na mtoto anafikishwa hospitali tumbo limevimba, akihitaji kisu. Bibi akamwita mkwewe aje asikie. Wakakubaliana kumnunulia mtoto poti, kiwe kinamwagwa shimoni. Gharama ya mpango mzima ni ile poti tu.

Jumanne, Moshi mjini

Leo nilikuwa sokoni Mbuyuni kwa ajili ya jambo moja, udongo wa kula. Unauzwa wazi, vipande vya kahawia na vya kijivu vimepangwa mafungu mafungu jirani na dagaa na tangawizi. Nilikaa na muuzaji hadi saa sita. Wanunuzi walikuwa wanawake watupu, na wengi wao tumbo linaonekana. Mmoja aliniambia bila aibu: "Dada, mvua ikinyesha ile harufu ya vumbi inanitoa mate. Nisipoupata silali."

Sikumkaripia. Hamu ya udongo na upungufu wa madini ya chuma huenda pamoja, na wengi huanza kuutamani damu ikiwa imeshapungua. Ubaya ni kwamba udongo wenyewe unaweza kuyashika madini ya chuma tumboni yasifyonzwe, pamoja na kile kidonge nilichompa mimi kliniki. Na kama umechotwa juu juu mahali watu au watoto wanapojisaidia, unakuja na mayai ya minyoo mikubwa na ya minyoo mjeledi. Muuzaji alinihakikishia wake unachimbwa chini sana na kuchomwa motoni. Namwamini, na moto kweli unaua mayai, ila mama akikosa wa sokoni anabandua ukuta wa jiko au anachota kichuguu, na huo haukuchomwa na mtu. Nilimpeleka yule dada zahanati ya karibu tukapime damu. Ilikuwa 9.

Jioni nikapita kwenye vibanda vya kitimoto, si kwa kula. Kuna jambo ambalo watu wengi wa kaskazini hawajaelezwa vizuri kuhusu tegu wa nguruwe. Ukila nyama yenye vifuko vyeupe vya lava isiyoiva, unapata tegu tumboni, mnyoo bapa wa mita kadhaa, na mara nyingi hata hujijui. Hatari kubwa inakuja kwa njia nyingine kabisa: mwenye tegu akijisaidia ovyo au asiponawa mikono, mayai yake yanaingia kwenye chakula cha mtu mwingine, na lava wanakwenda kujenga vifuko kwenye misuli, machoni na kwenye ubongo. Kifafa kinachoanzia ukubwani kina uhusiano na vifuko hivi mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, nacho kinaweza kumpata mtu ambaye hajagusa nguruwe maisha yake yote, awe Mkristo au Mwislamu. Wapo majirani wanaomtenga mgonjwa wa namna hii kwa kudhani amerogwa. Ningetamani kila kibanda kichome nyama mpaka ndani isibaki na wekundu, na kila nguruwe afungiwe bandani asizurure kula kinyesi cha watu, kwa sababu mduara wa mnyoo huyu hukatika hapo kirahisi kabisa.

Jumatano, shuleni, upande wa Mabogini

Siku ya kumeza dawa. Shule siitaji jina, nilikaribishwa kwa wema na sipendi watoto watambulike. Ukishuka kutoka mjini kuelekea Mabogini unaona hali ya hewa inabadilika ndani ya nusu saa: joto, vumbi, kisha ghafla kijani cha mpunga na mifereji ya saruji. Skimu hii ya umwagiliaji ya Moshi ya chini ilikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, na imewalisha watu wengi. Maji yaliyoleta mpunga ndiyo yaliyompa makazi konokono anayeeneza kichocho, kwa hiyo watoto wa huku wanapewa dawa mbili, wakati wenzao wa maeneo yasiyo na kichocho wanapewa moja.

Uji kwanza. Mwalimu wa afya alisimamia hilo kama jambo la dini, hakuna mtoto kusogea kwenye foleni bila kikombe chake kuwa kimeisha, kwa sababu prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwenye tumbo tupu inawasumbua sana. Kisha foleni ikaelekea kwenye ukuta wa darasa la nne, ambako ubao mwembamba wa kupimia urefu ulikuwa umesimamishwa. Hiki kifaa nakipenda. Hakuna mizani, hakuna hesabu ya kilo. Mtoto anavua viatu, anasimama wima kisigino ukutani, mwalimu anaangalia kichwa kimefika kwenye rangi gani, anaita kwa sauti: "Kimoja na nusu!" "Viwili!" "Viwili na nusu!" Kuanzia sentimita 94 hadi 110 ni kidonge kimoja cha miligramu 600, na urefu unavyopanda vidonge vinapanda, mpaka vitano kwa mtu mrefu kupita 178. Mwenzake amekaa mezani na mkasi safi akikata nusu nusu. Hatua ya mwisho ni albendazo, dawa ya minyoo ya tumbo, ya miligramu 400, moja kwa kila mtoto, ya kutafuna, na hiyo wanaifurahia kwa kuwa ina utamu.

Prazikwanteli ni chungu na ni kubwa. Nilimwona binti wa darasa la pili akiigeuza mdomoni machozi yakimtoka, rafiki yake akimshikia kikombe cha maji na kumwambia, "Meza usiionje." Akameza. Wachache walilalamika tumbo kusokota, wawili wakatapika, wakalazwa kivulini, saa nane walikuwa wanacheza rede. Mwalimu alikuwa ameshawaandikia wazazi kwamba mwenye minyoo mingi ndiye anayesikia dawa zaidi, kwa hiyo hakukuwa na taharuki.

Getini palikuwa na baba mmoja mwenye wasiwasi. Amesikia kwamba dawa hizi zinaharibu uzazi. Mwalimu mkuu hakubishana naye. Alimkaribisha kiti, akamwonyesha kopo, akamweleza kwamba prazikwanteli inatolewa bure na kampuni ya Merck ya Ujerumani na albendazo na GSK ya Uingereza, zinapitia Shirika la Afya Duniani na wizara yetu, na kwamba yeye mwenyewe alizimeza asubuhi mbele ya wanafunzi. Baba akauliza maswali ya maana, akajibiwa, akamruhusu mwanawe. Heshima ile ilifanya kazi ambayo vitisho visingeifanya.

Lakini nje ya uzio palepale kulikuwa na mama anayeuza ubuyu na mihogo ya kukaanga, mtoto wa miaka minne mgongoni kwake, na aliniuliza swali ambalo limenifanya niandike haya yote: "Nesi, huyu mkubwa wangu kapewa. Na huyu? Na mimi ninayeshinda jarubani?"

Mtoto wa miaka minne ana njia yake: kuanzia mwaka mmoja hadi mitano dawa ya minyoo hutolewa pamoja na matone ya vitamini A, Juni na Desemba, na mtoto huyu alikuwa ameipata mwezi uliopita. Aliye chini ya miaka miwili hupewa nusu kidonge cha albendazo. Ila prazikwanteli hakupewa. Tembe ndogo inayoyeyuka, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita, ilipitishwa na wataalamu wa dawa wa Ulaya Desemba 2023, na kwenye kabati la kliniki yangu bado sijaiona. Na mama mwenyewe hana njia yoyote isipokuwa augue aje, au apate mimba. Miongozo haimsahau: mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa ya minyoo kwa wanawake wa umri wa kuzaa pale maambukizi yanapofika asilimia 20, na mwaka 2022 likapendekeza prazikwanteli kwa kila mtu kuanzia miaka miwili, watu wazima wakiwemo, pale kichocho kinapofika asilimia 10. Kwenye karatasi yumo. Getini hayumo. Sisi tunaufuata mlango wa darasa kwa sababu watoto wamekusanyika pale na mwalimu yupo, na mantiki hiyo naielewa kabisa, imeokoa watoto wengi mno. Lakini mama huyu akirudi jarubani kesho, ndiye atakayerudisha mayai kwenye maji ambayo mwanawe ataogelea Jumamosi.

Nikamwomba nimfuate kazini.

Alhamisi, majarubani

Saa kumi na mbili na nusu wameshaingia. Kundi la wanawake kumi na kitu, vibarua wa kupandikiza, kanga zimefungwa juu ya magoti, miche imefungwa mafundo mafundo na kurushwa mbele yao kwenye tope. Wanarudi kinyumenyume, mkono unachomeka bila jicho kutazama. Mimi niliingia, nikaonyeshwa, na mstari wangu ukang'olewa kwa upole na kupandwa upya.

Nilikuja na ushauri wa vitabuni: gambuti. Yule mama mkubwa wa kundi, ambaye wote wanamwita Mama Mkubwa kweli, aliniazima ya mwanawe nijaribu. Hatua ya tatu buti lilibaki kwenye tope, mguu ukatoka peke yake. "Umeona, mwanangu? Ukivaa hilo utapanda jaruba moja wenzako wamemaliza matano, na tunalipwa kwa jaruba." Ushauri wa viatu ni mzuri na nitaendelea kuutoa kwa anayelima mahindi, anayekwenda kisimani, na mtoto anayekwenda shule. Kwa mpandikizaji wa mpunga haufanyi kazi, na afisa yeyote anayeusema hapa bila kuvua soksi zake anapoteza muda wa watu.

Ukitazama vizuri, minyoo miwili imegawana eneo hili. Ndani ya maji ni kichocho cha tumbo. Ukingoni mwa maji ni safura.

Nianze na ukingo. Kutoka majarubani hadi nyumbani ni mwendo mrefu, na kwenye eneo lote nililoliona halikuwepo choo hata kimoja. Watu wanajisaidia kwenye tuta la mfereji, chini ya migomba michache iliyopandwa pale kwa kivuli. Udongo ni kichanga, una unyevu, jua haliufikii. Yai la safura linaanguliwa hapo ndani ya siku moja au mbili, na kati ya siku ya tano na ya kumi lava yuko tayari, amesimama kwenye punje za udongo akisubiri ngozi. Mguu mtupu ukikanyaga anapenya katikati ya vidole. Wanawake wote niliowauliza wanaujua ule muwasho wa vidoleni. Wanausingizia tope na kuupaka mafuta ya taa. Lava anaposhikilia utumbo anakuwa mnyoo wa sentimita moja tu, na hapo anakunywa damu. Wapo wa aina mbili. Mnyoo mmoja wa aina ya kwanza anampotezea mtu damu kidogo, kama mililita 0.03 kwa siku. Wa aina ya pili anafika 0.15 hadi 0.2. Mtu mwenye minyoo 100 ya aina hii ya pili anapoteza hadi mililita 20 kila siku, maana yake mililita 600 kwa mwezi, zaidi ya chupa moja ya damu anayotoa mchangiaji. Na hizi ni damu za mwanamke ambaye kila mwezi anapoteza nyingine, ana mtoto wa kunyonyesha, na mlo wake wa mchana ni ugali na mchicha. Kidonge changu cha madini ya chuma kinamwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Sasa majini. Mama Mkubwa alinionyesha konokono kwa kuinua jani lililooza mdomoni mwa mfereji mdogo: bapa, kahawia, saizi ya kifungo cha shati. Hawamjali, wanasema hali mpunga. Kinyesi chenye mayai ya kichocho kikiingia majini, yai linaanguliwa na kiluwiluwi chake kinamtafuta konokono huyu, kinamwingia, kinazaliana ndani yake kwa wiki nne hadi sita, kisha wanatoka kwa maelfu. Wanatoka zaidi jua likiwa juu, karibu na adhuhuri, saa ambazo wanawake hawa bado wamo ndani hadi magotini na watoto waliotoka shule wanaruka kwenye mfereji mkuu. Dakika chache zinatosha kupenya ngozi. Minyoo hii haikai ndani ya utumbo wenyewe, inakaa kwenye mishipa ya damu inayouzunguka, dume na jike wameshikana, miaka kadhaa. Mayai yanayokosa njia ya kutoka yanakwama kwenye ini. Mtu anayetapika damu ghafla akiwa na miaka arobaini, ini gumu na bandama imefika kitovuni, mara nyingi alianza kuogelea akiwa na miaka sita.

Jambo hili halijagunduliwa jana huku kwetu. Kusini zaidi, kwenye mashamba ya miwa ya Arusha Chini, watafiti walikuwa wanahangaika na konokono wa mifereji tangu miaka ya 1960. Mmoja wao alikuwa kijana wa Kiingereza, Alan Fenwick, ambaye mwaka 2002 alianzisha London mpango uliosaidia nchi nyingi za Afrika kugawa prazikwanteli. Ninapoona ule ubao wa rangi ukutani shuleni huwa nakumbuka kwamba sehemu ya elimu ile ilianzia kwenye mifereji yetu hii. Sumu za konokono zilijaribiwa wakati ule na zinaua kweli, ila zinaua na samaki, na baada ya miezi konokono anarudi na maji mapya. Kufyeka majani ya mferejini, kuacha maji yakauke kati ya zamu na zamu, kutojisaidia kwenye tuta: haya wakulima wanayaweza bila kumsubiri mtu.

Niliondoka na vikopo vya sampuli za kinyesi. Wanawake wenyewe waliomba wapimwe.

Ijumaa, maabara

Mwenzangu wa maabara alianza saa mbili kamili na akanikataza kumwongelesha. Njia anayotumia inaitwa Kato-Katz, majina ya Mjapani na Mbrazili, na uzuri wake ni kwamba inataka vitu vya bei rahisi. Kinyesi kinapitishwa kwenye chujio dogo, kinajazwa kwenye tundu la kipande cha plastiki kilicholala juu ya kioo, plastiki inainuliwa na kuacha donge la miligramu 41.7. Juu yake anaweka karatasi laini ya selofani iliyolala usiku kucha kwenye gliserini yenye rangi ya kijani, anageuza kioo, anakandamiza taratibu mpaka donge linatandaa na unaweza kusoma maandishi kupitia humo. Anahesabu mayai, anazidisha kwa 24, anapata idadi kwa gramu moja ya kinyesi.

Haraka yake inatokana na safura. Gliserini inalisafisha yai la safura mpaka linatoweka, ukichelewa kupita nusu saa au saa moja unaandika "hakuna" kumbe yalikuwepo. Mayai ya kichocho yanasubiri, na huwezi kuyakosea: marefu, yana mwiba mmoja ubavuni. La minyoo mjeledi lina vizibo pande mbili, na mnyoo huyo ndiye ananikera zaidi kwa kuwa dozi moja ya albendazo humpunguza tu. Yuko na mwingine ambaye njia hii haimwoni kabisa, strongiloidesi, anayejizalisha ndani ya mtu miongo na miongo, anayehitaji ivamektini, na anayeweza kuua mgonjwa akipewa dawa za steroidi kwa ugonjwa mwingine.

Majibu ya watu si ya kuandika hapa. Niseme tu kwamba tulipata safura, tulipata kichocho, na tulipata mama wenye vyote viwili, na waliokutwa navyo wamepata dawa leo hii, uji kwanza. Yule muuza ubuyu nimemwambia arudi baada ya wiki kadhaa, kwa sababu prazikwanteli haiui minyoo michanga, na walioingia mwilini wiki hizi za kupandikiza bado ni wachanga.

Jumamosi, ofisi ya kijiji

Mwenyekiti, mtendaji, viongozi wa watumia maji wa skimu, mhudumu wa afya, na Mama Mkubwa ambaye niliomba aitwe na akaja na wenzake watatu. Wanaume walianza na barabara. Ilipofika zamu yetu, mzee mmoja akasema choo cha shambani ni anasa, watu wameishi bila hicho tangu skimu inaanza. Mama Mkubwa akanyanyuka, akamwamkia kwanza, kisha akamwuliza kama mke wake akiwa jarubani kutwa nzima anajisitiri wapi, na kama yeye yuko radhi na jibu. Mzee akanyamaza, na baadaye ndiye aliyejitolea kipande cha ardhi.

Ugumu halisi ni maji ya chini ya ardhi. Ukichimba mita moja na nusu upande wa mpunga maji yanatoka, na shimo lenye maji ni kumwaga kinyesi mferejini kwa njia ya siri. Fundi wa kijiji alishauri choo cha kuinua: tuta la kifusi, shimo limejengwa kwa matofali nusu juu ya ardhi, ngazi za kupanda, umbali wa mita 30 kutoka kwenye mfereji wowote. Ni ghali kuliko cha kawaida. Viongozi wa watumia maji wakakubali kukata sehemu ya ada ya msimu huu kwa vyoo viwili, na usafi wake uwe zamu ya wanaolima eneo husika, kama zamu za maji zilivyo. Nilipinga viwili, nikataka vinne. Tumeishia vitatu.

Mtendaji ameandika barua kwa mganga mkuu wa wilaya akiomba eneo lipimwe rasmi, ili kama kiwango kinafika, wanawake na wanaume wa majarubani wapewe prazikwanteli na albendazo siku ileile shule inapopewa, na ubao wa kupimia urefu ubebwe hadi kwenye tuta la mfereji mkuu saa nne asubuhi, wakati vibarua wanapokunywa uji wao. Muhuri umepigwa mbele yetu. Fundi anaanza choo cha kwanza zamu ya maji ya eneo la juu itakapofungwa, kifusi kipite njiani bila kukwama.